Aliyeunyima Mkungu Maji

Shosho hakuwa mtu wa kuuliza kwa nini. Ukimletea habari mbaya aliuliza lini, kisha akaenda kutafuta spana.

Ndivyo ilivyokuwa siku niliyomwambia kuwa Baba, mwenye nyumba tuliyoifanyia kazi, anataka kuukata mti wa mkungu wa bustanini ili ajenge kivuli cha magari. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono yake ikiwa na matope mpaka viwikoni. Akauliza, "Lini?" Nikamwambia tumepewa hadi mwisho wa mwezi wa kumi na moja, na nikamwambia sharti lenyewe. Akafuta mikono kwenye aproni. Alizunguka nyuma ya nyumba, akafunga koki ya ule mpira mwembamba uliokuwa ukiupelekea mti ule maji, akaikaza kwa spana, akarudi kuendelea na matope yake.

Mimi nilikuwa dereva wa nyumba ile. Yeye alikuwa mtu wa bustani, na bustani ndiyo iliyomweka Doha. Aliingia pale kama mpishi, akahamishiwa nje kwa sababu ya ugomvi juu ya chumvi ambao kila mmoja aliusimulia tofauti. Huko nje akageuza mchanga na kokoto kuwa kitu ambacho watu walipunguza mwendo wa gari kukitazama. Watoto wa nyumba walimwita Shosho, yaani nyanya, wakidhani ndilo jina lake. Baba naye akamwita hivyo hivyo. Mzee wa Kiarabu na ndevu zake, anasimama mlangoni anaita "Ya Shosho!" kama mjukuu wake kule kwao Nyandarua.

Kwa hiyo mkungu ule haukuwa mti tu. Mama wa nyumba alikwisha kulisema wazi jikoni, bila ubaya, kama mtu anayesoma bei: magari yakichukua bustani, Shosho hatakuwa na kazi, na asiye na kazi hurudishwa kwao. Shosho hakutaka kurudi. Alikuwa na watoto wakubwa waliomwambia apumzike, na neno hilo lilimtisha kuliko jua la mwezi wa saba. "Kupumzika," aliniambia, "ni kukaa kwa kiti ukingoja chai ya mtu mwingine."

Sharti nililipata mimi, na nalisimulia bila aibu kwa sababu nililipigania. Niliuza viatu vya mtumba sokoni Kongowea kabla ya kuja huku, najua mnunuzi aliyekwisha kuamua anavyokaa. Baba alikuwa amekaa hivyo kiti cha nyuma, akiongea na simu juu ya msumeno. Alipokata simu nikamwangalia kwenye kioo.

"Baba, wageni wako wa majlis ya baridi wanakuja lini?"

"Mwisho wa mwezi wa kumi na moja. Kwa nini?"

"Mti ule ukiwa mwekundu, hakuna nyumba mtaa huu yenye kitu kama kile. Wageni waje wauone kwanza."

"Mti ule ni takataka. Majani yanaziba mfereji."

"Basi ipe takataka hiyo mwezi mmoja na nusu."

Akacheka kwa pua. "Wewe ni dereva au wakili?"

"Dereva, Baba. Wakili hukaa nyuma."

Akatazama dirishani mpaka taa ya tatu ya barabarani. Kisha akatamka hukumu: usiku wa wageni mti ukiwa mwekundu, unabaki. Ukiwa kijani, au ukiwa uchi, khalas, unakatwa.

Nilidhani nimeleta bei nzuri. Shosho alipomaliza matope yake alinifuata gereji.

"Wewe mtu wa Pwani. Mti huu hugeuka mwekundu mwezi wa kwanza. Wakati mwingine wa pili."

"Najua."

"Ungeomba mwezi wa pili."

"Ningeomba wa pili angekata kesho."

Akafikiri. "Haya," akasema. Hilo "haya" ndilo lilikuwa asante yake. Nilifanya naye kazi miaka mingi na sikupata nyingine. Aliamini sifa ni kama maji: ukimimina sana, mizizi inaoza. Watoto wa nyumba walimletea michoro ya maua waliyochora shuleni, akaitazama, akawaambia shina limepinda. Wakarudi na michoro mingine. Sijui kwa nini walirudi, lakini walirudi, na kila mara shina lilikuwa limenyooka zaidi.

Imani hiyo aliitoa kwa bogenvilia. Ukuta mzima wa upande wa barabara ulikuwa wa bogenvilia, na kila joto lilipovunjika, sisi wengine tukianza kuvuta pumzi, yeye aliupunguzia ukuta ule maji mpaka majani yalegee. Mara ya kwanza nilidhani anauua. Kisha ukalipuka: zambarau, chungwa, nyekundu ya damu ya mzee. Aliita mmea ule "jeuri." Alisema kuna viumbe ukivishibisha vinaota majani tu na kunenepa, lakini ukivitia kiu kidogo vinakumbuka kuwa vitakufa, ndipo vinavaa.

Kila ua alilipa jina lake mwenyewe. Petunia zilikuwa "wanafunzi," kwa sababu alizipanda kwa mistari na sare moja. Yale maua mekundu yenye kishungi kama cha jogoo aliyaita "makanjo," yaani askari wa jiji, kwa sababu yalisimama yamevimba bila kufanya kazi. Krotoni za kwenye vyungu, zenye majani ya manjano na wekundu na kijani kwa pamoja, ziliitwa "dada zangu wakienda harusini." Ukimuuliza jina halisi alikutazama kana kwamba umeuliza umri wake.

Soko la miche nilikuwa naenda naye, na alikuwa hasara. Biashara ya kununua ina sheria moja: uso wako uwe wa mtu aliyetoka mazishini. Nilimfundisha hivyo ndani ya gari. Tukashuka, hatua chache tu, Shosho akafungua mikono mbele ya kikapu cha maua ya rangi ya chungwa: "Ngai! Huyu ni mrembo kiasi gani!" Muuzaji, jamaa wa Kerala asiyejua neno la Kiswahili, alielewa sentensi nzima. Bei ikapanda tukiwa tumesimama. Tangu siku hiyo nilimwacha garini na kiyoyozi. Alikuwa akigonga kioo kwa pete yake: mara moja chukua, mara mbili acha. Mimi nahesabu vyungu wakati vinapakiwa, nahesabu tena vikiwa ndani, na yeye nyuma ananong'onezea mche wake usiogope mwendo.

Huyu ndiye aliyeamua kuunyima mti maji makusudi.

Lazima niseme kuwa alikuwa na kisa na mkungu ule. Kwao juu, alivyosimulia mwenyewe, mti ni wa kijani au ni kuni. Hajawahi kuona wa katikati. Mwaka wake wa kwanza bustanini alitoka asubuhi akakuta majani yamegeuka mekundu, akajua ni ugonjwa. Alipanda ngazi akachuma yale mekundu moja moja, akayachoma mbali ili yasiambukize wanafunzi wake. Akaweka majivu kwenye shina. Akamwaga maji mpaka mfereji ukafurika. Nami nikaja nikasimama chini ya ngazi, mtu niliyekulia Majengo nikivunja kungu kwa mawe, nikacheka mpaka nikashika ukuta.

"Shosho, huo si mgonjwa! Huo ni mkungu. Unavaa nguo ya sikukuu, kisha unavua."

Aliteremka, akachukua ufagio, akafagia miguu yangu kana kwamba ni majani. Hakusema nami mpaka Ijumaa, ambayo ndiyo siku ya kanisa huko Doha, na hata hapo alisema ili nimpeleke. Lakini baridi iliyofuata alikaa chini ya mti ule na kiti chake cha plastiki, akautazama ukigeuka, jani kwa jani, akiwa na uso ambao hata kwenye maombi sikuuona. Tangu hapo mkungu ndio pekee hakuupa jina la utani. Aliuita "mti."

Na sasa alikuwa ameufungia koki.

Bogenvilia alikuwa na uzoefu nayo. Mti mkubwa alikuwa hajawahi. Nilimuuliza kama ana hakika. Akaniambia hakika ni ya watu wa benki. Siku za mwanzo hakuna kilichobadilika isipokuwa yeye. Alianza kuamka kabla ya adhana, na niliposimama kutia udhu nilimwona amesimama gizani, kiganja kimebandikwa kwenye shina kama muuguzi.

Hatari ilikuwa Baba. Baba ana tabia ya kutembea bustanini akiongea na simu, na akiongea huchokoa udongo kwa ncha ya kiatu. Akikuta udongo mkavu atauliza, na akijua mti umetiwa kiu makusudi atasema tumemlaghai, na kusema kweli angekuwa na hoja. Shosho alikuwa na dawa. Kila asubuhi alichukua birika la chai, akalowesha udongo wa juu tu, unene wa kidole, ukawa mweusi na kunukia mvua. Chini yake palikuwa jangwa.

Mwanamke huyu hakuwahi kunidanganya hata juu ya kikombe kilichovunjika. Aliwahi kurudi dukani kwa miguu, juani, kurudisha nyanya moja iliyozidi. Nikamwona Baba anasimama, anachokoa kwa kiatu, anauliza, "Ya Shosho, mti unapata maji?" Na Shosho, birika bado mkononi, akajibu, "Kila siku, Baba." Baba akapita. Shosho akageuka upande wangu.

"Nimesema uongo?"

"Umeupa birika kila siku."

"Sijauliza hesabu yako. Nimeuliza kama nimesema uongo."

Nikaenda kufuta vioo vya gari. Ijumaa hiyo kanisani aliomba muda mrefu kuliko kawaida, na nikiwa nje garini nilijua anaomba kwa mpangilio wake: bustani kwanza, watoto baadaye. Alikwisha kunieleza sababu. Watoto wana miguu.

Kisha jani la kwanza likaja. Aliniletea limefichwa ndani ya aproni kama kitu cha magendo, akalifungua nyuma ya gari. Upande mmoja ulikuwa kijani, upande wa pili rangi ya shaba, na kwenye mshipa wa katikati mstari mwekundu. Akalirudisha ndani ya aproni. Lakini nilipoutazama mti, kwenye matawi ya juu nikaona majani mengine yamekauka kingo, ya kahawia, bila kupita wekundu. Mti ulikuwa haujaamua kama utavaa au utakufa. Nilihesabu matawi yaliyogeuka vizuri, nikahesabu tena, sikupata idadi moja. Shosho akaniambia niache, namtia wasiwasi.

"Fungua maji kidogo," nikamwambia.

"Nikifungua sasa unarudi kijani."

"Usipofungua?"

"Usipofungua," akasema, akaenda kumwagilia wanafunzi.

Asubuhi ya siku ya wageni mkungu ulikuwa mwekundu. Nimetafuta namna ya kupunguza bei ya sentensi hiyo na siwezi. Ulikuwa mwekundu toka chini hadi juu, na jua likipenya majani yale makubwa, kivuli chenyewe kilikuwa na rangi. Ukuta wa bogenvilia nyuma yake ulionekana kama umekuja kumsindikiza bibi harusi. Vijakazi wa nyumba ya jirani walipanda juu ya paa kupiga picha. Baba alitoka na kahawa, akatazama mpaka kahawa ikapoa, akarudi ndani, nikajua tumeshinda.

Adhuhuri upepo ukaanza.

Si dhoruba. Upepo tu wenye vumbi, ule wa kawaida unaokufanya ufunge vioo vya gari. Lakini jani lenye kiu linashikilia kwa ahadi tu. Yakaanza kuachia moja, mawili, kisha kama ndege walioshtuliwa. Shosho alisimama chini na mikono imenyooshwa, sijui kufanya nini, kudaka? Nikaleta shuka, nikaleta turubai, kana kwamba mti unafunikwa kama gari. Alasiri upepo ulipotulia, juu palikuwa na theluthi, labda pungufu. Matawi yalionekana. Kwa lugha ya sharti letu, mti ulikuwa uchi.

Nilichukua ufagio, maana wageni wangefika baada ya magharibi na bustani ilikuwa imejaa majani mpaka kwenye zulia la majlis, baraza ya wageni. Shosho alikuwa mtu wa kufagia. Jani moja la petunia likidondoka alilisikia toka chumbani. Akanishika mkono.

"Usifagie."

"Shosho, Baba atatuua."

"Nimesema acha. Ondoa yaliyo kwenye zulia tu. Washa taa za chini."

Nikawasha. Ndipo nikaona alichokiona. Ardhi yote, toka mlango mpaka ukuta, ilikuwa nyekundu, na taa zilizolala chini ziliiangaza kama makaa. Wageni walipoanza kuingia, wa kwanza alisimama. Wa pili akamgonga mgongoni. Mzee mmoja mwenye fimbo aliinama kwa shida, akaokota jani, akaliweka kwenye mfuko wa kanzu yake nyeupe, kisha akaanza kumweleza Baba jambo refu akionyesha matawi, na Baba, ambaye huwa hasikilizi zaidi ya dakika, akamsikiliza mpaka mwisho. Shosho alikuwa amesimama nyuma ya dirisha la jikoni. Hakuonekana uso, niliona tu pete yake kwenye kioo.

Kesho yake garini Baba alingoja tufike taa ile ile ya tatu.

"Tulisema mwekundu," akasema. "Ulikuwa uchi. Wekundu ulikuwa chini."

"Baba, hatukusema mwekundu wapi."

Nikamwona kwenye kioo akigombana na tabasamu lake. Akashinda yeye. "Sikiliza. Nitangoja uchipue. Ukichipua, unabaki. Ukiwa umekufa, watu wa msumeno wanakuja, na hapo usinipigie hesabu."

Asubuhi hiyo Shosho alikuwa amekwisha kufungua koki. Aliifungua yote, akaweka na mpira wa pili, akakaa kwenye kiti cha plastiki kusikiliza udongo ukinywa.

Baada ya muda mkataba wangu uliisha. Nikapata kazi ya kuendesha wageni wa hoteli kule The Pearl, nikahamia mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, chumba cha watu wanne na kettle moja. Tulizungumza kwa simu. Kila nilipouliza habari za mti alinieleza habari za wanafunzi.

Nilikwenda kumwona Ijumaa moja mwezi wa tatu, joto likianza kurudi. Wanafunzi wake walikuwa wanakauka, msimu wa rangi unaisha, na katikati ya bustani mkungu umesimama mtupu kama nguzo ya stima. Kwa mwezi ule ulipaswa kuwa na majani ya ukubwa wa kiganja. Shosho alikuwa amekonda. Akanipa chai, hakunywa yake.

"Wanakuja kesho," akasema. "Watu wa msumeno."

Nikautazama mti kwa karibu, ndipo nikaona shina. Toka magotini mpaka ulipofika mkono wake, gome lilikuwa limejaa alama za kucha. Kila asubuhi alikuwa amekwangua kidogo kutazama kama ndani kuna kijani. Huyu ndiye aliyewachapa vidole watoto wa nyumba kwa kufukua mbegu waone kama zimeota.

"Unaona nini ukikwangua?"

"Nimeacha. Siku nyingi sasa. Nilianza kuona ninachotaka." Akaficha mikono ndani ya aproni. "Kwangua wewe. Wewe huna huruma."

Nikakwangua kwenye shina. Kahawia, kavu kama kifuniko cha sanduku. Nikakwangua mahali pengine, juu kidogo. Kahawia. Shosho alikuwa akitazama ukuta wa bogenvilia. Nikaleta ngazi. Sikuwa na la kufanya ila kuleta ngazi. Nikapanda mpaka mahali tawi linapogawanyika, nikaweka kucha ya dole gumba, nikavuta.

Kidole kikalowa.

Nikavuta tena pembeni, maana siamini jambo lililoonekana mara moja. Kijani. Kijani cha ndani ya ganda la njegere, na unyevu uliong'aa.

"Shosho."

"Usinidanganye."

"Shosho, mwite Baba."

Hakuniamini, akapanda mwenyewe hatua mbili za ngazi, akatazama, akateremka na kwenda mlangoni. Nilimsikia akiita. Baba akatoka na ndala za ndani, miwani juu ya paji la uso, akaniona juu ya mti wake na hakuuliza nafanya nini huko. Nikashuka. Akapanda yeye, kanzu ameikusanya kwa mkono mmoja. Akatazama nilipokwangua. Kisha akaweka kucha yake mwenyewe kwenye gome, akavuta, akatazama. Akasogea kidogo, akavuta tena. "Kesho msumeno hauji," akasema, akavuta tena.

"Baba," Shosho akasema toka chini. "Inatosha. Umeona. Usiuchune."

Baba, ambaye nilimwendesha miaka yote ile bila kumwona akiamriwa na mtu, akaondoa mkono.